Marsela Qamara na Njia ya Tisa

Baba Padri, wazee wa ukoo, majirani wa Daa, wageni wetu mliotoka Karatu mjini, Oldeani na Engaresero, mimi ninayesimama mbele yenu ni Yohana Qamara, kitinda mimba wa mzee Qamara Tluway na mdogo wake marehemu. Kwa haki aliyetakiwa kusoma historia hii ni mpwa wangu Neema, mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye ni mwalimu na ana sauti nzuri, ila nimemwomba aniachie, kwa sababu humu ndani limo kosa langu, na kosa langu nalisoma mwenyewe. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifundisha kwa kusoma magazeti na kubishana, kwa hiyo mkisikia sentensi imepinda mnivumilie, lakini tarehe zote nimezihakikisha, na mwenye kupinga anifuate baada ya maziko.

Marehemu Marsela Qamara alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 hapa hapa Daa, kwa mzee wetu Qamara na mama yetu Hyasinta, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, akitanguliwa na kaka Martini, akifuatiwa na kaka Fabian, na mwisho kabisa mimi, niliyebebwa mgongoni kwake mpaka nikajua kukimbia, jambo alilonikumbusha kila nilipompandishia sauti, maana yake alinikumbusha mara nyingi sana.

Alianza darasa la kwanza Januari 1975 na kumaliza la saba mwaka 1981. Alipokuwa darasa la sita, mwezi wa Julai 1980, mwalimu wa hesabu alichora ubaoni nyumba tatu, na chini yake akachora kisima, duka na zahanati, akawaambia watoto watoe njia kutoka kila nyumba kwenda kwa kila kimoja, jumla njia tisa, na njia yoyote isikate nyingine, na atakayeweza atapewa daftari jipya la kurasa mia moja. Ndugu zangu, wa umri wetu mnajua daftari jipya mwaka ule lilikuwa kitu gani. Darasa zima lilichora wiki nzima, kwenye vumbi, kwenye mapaja, ukutani kwa watu, na kila mtu akapata nane, ya tisa hakuna. Siku ya Ijumaa Marsela alipeleka karatasi yenye neno moja tu, "Haiwezekani", akachapwa fimbo nne kwa uvivu, na alipoinuka akasema, "Basi mwalimu tuchoree wewe," akaongezwa mbili. Mwalimu huyo tuko naye hapa, ameketi safu ya tatu, na ruhusa ya kulisema hili amenipa yeye mwenyewe jana kwa mdomo wake.

Kuanzia mwaka 1982 hadi 1989 marehemu alifanya kazi ya kuchambua kahawa katika shamba moja la Oldeani, na wenzake waliokuja leo wamenieleza kwamba alikuwa akipanga punje za kahawa mezani, tatu huku, tatu kule, akizivutia mistari kwa ukucha, msimamizi akipita anafuta kwa kiganja, akiondoka anaanza upya. Hapo Oldeani ndipo lori la Dickson Sairowua, kijana wa Engaresero, lilipopata pancha mbili kwa siku moja kwenye ile barabara mnayoijua, na marehemu akamshikia taa ya mkono na kumwambia kwamba kiraka anakibandika upande usiofaa. Walifunga ndoa Karatu tarehe 6 Oktoba 1990. Mzee wetu alinuna mwezi mzima kwamba binti wa Kiiraqw anakwenda kwa Wamasai, akalainika alipoona ng'ombe walioletwa, na hilo nalisema wazi kwa kuwa shemeji Dickson yuko hapa na mwenyewe hulicheka.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Neema mwaka 1991, Saning'o mwaka 1994 na Penina mwaka 1998, na wajukuu watano. Riziki yao ilitoka kwenye kibanda cha pancha pale Karatu, upande wa barabara ya kwendea geti la Ngorongoro, ambapo marehemu alikuwa fundi kamili, wala si msaidizi wa mume, na dereva yeyote wa watalii aliyejaribu kuuliza fundi yuko wapi alijibiwa, "Unaongea naye, shusha tairi."

Sasa nifike tarehe 9 Agosti 1996, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, na hapa naomba hata walioko jikoni wasikilize. Marehemu alikuwa amejaza upepo tyubu ya Landrova, ameizamisha majini kutafuta inapovuja, na kila tundu analiwekea alama ya chaki, na siku hiyo matundu yakawa sita, matatu upande huu na matatu upande ule. Mkono wake ukaanza wenyewe, kama kule Oldeani, ukavuta mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane, na pale ambapo miaka kumi na sita alikuwa akikwama, mstari wa tisa haukukwama, ukateremka ukaingia kwenye tundu la katikati ya tyubu, ukapita chini, ukatokea upande wa pili, ukafika ulikotakiwa, haujagusa kitu. Shemeji Dickson anasema alipiga yowe mpaka dereva aliyekuwa chini ya gari akajigonga kichwa, halafu akavaa ile tyubu begani, akadandia lori la mahindi, akaja moja kwa moja Daa kwa mwalimu. Mwenye gari alisubiri hadi kesho yake, na bei alipunguziwa, dada hakuwa mtu wa dhuluma.

Mwalimu alizifuata njia zote tisa kwa kidole, moja moja, akaingia ndani, akatoka na daftari la kurasa mia moja, akamwambia kwamba lile swali alilinakili kutoka gazeti la zamani ambalo ukurasa wa majibu ulikuwa umechanika, akasema, "Mwanangu, nilikuchapa fimbo nne kwa kitu nisichokijua mwenyewe." Marehemu akapokea daftari kwa mikono miwili, akajibu, "Sita, mwalimu." Daftari lenyewe ni hili nililoshika.

Ndugu waombolezaji, mtaniwia radhi, najua kwenye historia ya marehemu hatufundishani hesabu, lakini mimi jambo hili nilikataa kulielewa kwa miaka, na sasa nimelielewa siwezi kunyamaza nalo. Kwenye ardhi tambarare haiwezekani, na sababu yake ni nyepesi kiasi cha kutia hasira. Chukua nyumba mbili tu, kila moja itoe njia zake tatu. Tazama ardhi imekuwaje, imekatika vipande vitatu, kimoja hapa, kimoja hapa, na cha tatu ni kile cha nje chote hadi Mbulu na kurudi, na kila kipande kinapakana na vitu viwili tu kati ya vile vitatu. Haya, njoo na nyumba ya tatu, iweke kipande chochote upendacho, kitu kimoja kitakuwa ng'ambo ya uzio, na uzio huo ni njia ya mwenzako. Basi, si uvivu wala si uchawi, ndivyo ardhi ilivyo. Tyubu inaweza kwa sababu ina tundu, na mstari uliozungushiwa tyubu kama pete hauikati vipande viwili, bado unaweza kuuzunguka ukatokea upande wa pili, na hapo ndipo njia ya tisa inapopitia.

Baada ya hapo hakulala kwenye ushindi wake. Alianza kuuliza, je, vituo vikiwa vimeunganishwa kila kimoja na kila kimoja, bila kukatana, vinaweza kufika vingapi? Kwenye karatasi vinaishia vinne, jaribuni nyumbani, cha tano kinakataa. Kwenye tyubu alipata vitano, akapata sita, na mwaka 1999 akapata saba, vituo saba, njia ishirini na moja, hakuna iliyokanyaga nyingine. Mama mkwe wake, bibi yetu Naishorua wa Engaresero, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aliitazama ile tyubu asubuhi yote, kisha akasuka bangili nene ya shanga yenye rangi saba, na kila rangi inagusana na zile sita nyingine, mkitoa heshima za mwisho itazameni, iko juu ya jeneza. Marehemu akakitafuta kituo cha nane kwa miaka kumi na nne, hadi Neema alipotoka chuo kikuu mwaka 2013 akamwambia kwamba cha nane hakiwezekani na kuna watu walishathibitisha, mama yake akasema, "Nilijua, nilitaka tu nisikie kutoka kwa mtu niliyemlipia ada."

Nimefika mahali pangu sasa. Mzee wetu alifariki mwaka 2009 akatuachia sisi wanaume watatu shamba hili, kila mmoja na nyumba yake, na vitu vitatu vya pamoja, yaani chemchemi, mashine ya kusaga, na makaburi ya familia. Tukaanza kugombana njia. Ng'ombe wa huyu wamekanyaga maharage ya yule, punda wa yule amelala njiani kwa huyu, mpaka Februari 2011 kaka Fabian akatoka damu na meno mawili, na sitasema nani alimpiga, ila si Martini. Wazee wa ukoo wakatuweka chini, wakatoa hukumu, kila nyumba iwe na njia yake kwenda kwa kila kimoja, na njia ya mtu isikate ya ndugu yake kamwe, tukala yamini mbele yao. Wazee walidhani wametupa hukumu nyepesi. Tulipigilia vigingi wiki tatu na kamba ya katani, nane zikatoka, ya tisa ikakataa, tukaanza kutuhumiana kwamba kuna mtu anahamisha vigingi.

Ndipo dada akaja kutoka Karatu na tyubu begani. Kaka Martini akamuuliza, "Wewe umeolewa, mambo ya shamba hili yanakuhusu nini?" Akajibu, "Nimeolewa, sijafutwa." Akatuchorea, tukabisha, akaomba kikombe cha chai chenye mkono, akasema, mnaona huu mkono, njia moja inapita juu yake na nyingine inapita chini yake, hazikutani, na mkono wa kikombe juu ya ardhi unaitwa daraja. Daraja moja tu, akasema, mbili za nini. Na kweli, Juni 2011 lilijengwa daraja moja la magogo pale bondeni, njia ya kutoka kwangu kwenda makaburini ikapita juu, njia ya kaka Martini kwenda chemchemi ikapita chini, na miaka kumi hakuna aliyempiga mwenzake.

Miaka kumi. Kisha mimi nikakumbuka kukasirika. Niliona wenzangu wote wanatembea chini, na mimi peke yangu kila nikienda kwa baba napanda ngazi kama mgeni, nikamuuliza dada kwa nini iwe mimi, akasema kati ya zile tisa yoyote ingeweza kuwa ya juu, alichagua yangu. Hilo neno, alichagua, lilinichoma. Tarehe 22 Agosti 2021, siku ya Jumapili, nililibomoa daraja kwa mikono yangu, nikaweka miiba, na mbele ya watu, wengi wenu mlikuwepo, nikaapa kwamba nitaichora njia ya tisa kwenye ardhi tambarare, bila daraja, na sitamsemesha Marsela mpaka niipate. Yeye alisema tu, "Yohana, utanisemesha lini basi?"

Miaka mitatu na nusu nimechora. Nimemaliza madaftari, nimechora kwa mkaa, nimechora kwa fimbo malishoni, na kila mara nane, nane, nane. Mtu mwenye akili angerudi, mimi nilikuwa na kiapo na shingo ngumu, na wakati huo wote ndugu yangu alikuwa anaumwa.

Marehemu aligundulika na shinikizo la damu mwaka 2019, na mwaka 2023 figo zikaanza kushindwa, akawa anapelekwa Arusha kusafishwa damu, lakini kibanda hakukifunga, alihamia kwenye kiti akawa anaelekeza. Tarehe 28 Januari 2025 alizidiwa akalazwa katika hospitali ya hapa wilayani. Jumapili tarehe 2 Februari nilikwenda kumwona. Nilisimama mlangoni, akageuza kichwa akaniuliza, kana kwamba tuliachana jana, "Umeipata?" Nikamwambia, "Sijaipata, dada." Akasema, "Hutaipata. Umekula?" Akanisogezea uji wake. Tuliongea hadi muuguzi akanifukuza, na nilipokuwa natoka akaniambia nikamwombe Martini, kwa sababu daraja lina miguu miwili na mmoja unasimama kwake.

Kaka Martini aliniweka nikisubiri siku sita, na alikuwa na haki. Jumamosi tarehe 8 alikuja mwenyewe na shoka, akasema, "Mwenye miiba aondoe miiba yake kwanza." Nikaiondoa, tukaanza. Jumanne Neema alimwonyesha mama yake picha kwenye simu, mimi nimebeba gogo upande mmoja, akauliza, "Upande wa pili kashika nani?" Neema akamwambia ni mjomba Martini. Akaishika ile simu muda mrefu, halafu akaomba chai, ambayo alikuwa ameikataa tangu Jumapili. Marehemu alifariki dunia kesho yake, Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Gogo la mwisho tulilipigilia Alhamisi. Hakuliona.

Alhamisi hiyo hiyo Neema alinipa daftari hili. Ukurasa wa themanini na mbili, ameandika Mei 2011, amechora shamba letu mara tisa, na katika kila mchoro njia inayopanda daraja ni tofauti, na chini ya kila mmoja ameandika neno. Martini kwenda chemchemi, "anabeba maji." Martini kwenda makaburini, "magoti yake." Fabian kwenda mashine, "gunia na mguu mbovu." Amezipitia zote, moja moja, na chini ya yangu ya makaburini ameandika, "Yohana. Huko haendi na mzigo." Ndivyo alivyochagua. Alinitafutia ile ambayo nisingepanda nikiwa nimebeba kitu, na mimi nikambomolea.

Kwa mapenzi yake mwenyewe, na kwa ridhaa ya shemeji Dickson na wakwe wa Engaresero, marehemu atazikwa hapa kando ya baba, na amelazwa nyumbani kwangu kwa sababu niliomba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya na wa kule Arusha, ambao hawakuchoka naye wala na maswali yake, mafundi pancha na madereva wa watalii wa Karatu mliofunga kazi leo, wachambuaji wa kahawa wa Oldeani, majirani mlioleta kuni na maziwa, wazee wa ukoo, na mwalimu, kwa daftari.

Mwisho ni maelekezo. Ibada ikiisha, jeneza litatoka hapa kwa njia ya tisa na kupita juu ya daraja, mbele tumeshika mimi na kaka Martini, nyuma kaka Fabian na Saning'o. Magogo ni mabichi, tutakwenda polepole. Mila yetu ni kwamba jeneza likipita kila mtu husimama, na asiwepo wa kulikatia njia, lakini nyie akina mama mnaoteka maji ya kupikia, msisimame, endeleeni kwenda chemchemi na kurudi, pitieni chini, sisi tupo juu, hatutakutana. Ndivyo alivyotaka iwe.

Dada Marsela, ulinibeba mgongoni, leo huko nakwenda na mzigo. Pumzika kwa amani, njia yako haijakatwa na mtu.